Asilimia 10 Ina Wenyewe

Ukilipa ushuru wa shilingi 1,000 sokoni, shika risiti yako upige hesabu. Shilingi 100 kati ya hizo hazipaswi kuishia kwenye posho wala mafuta ya gari la halmashauri. Zimeshapangiwa kazi: 40 za wanawake, 40 za vijana na 20 za watu wenye ulemavu, wakopeshwe bila riba.

Hiyo ndiyo asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri zetu Tanzania. Kwa miaka mingi ilikuwa agizo tu: halmashauri iliyotaka ilitenga, isiyotaka ilisingizia makusanyo hafifu. Mwaka 2018 ikaingizwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, ikawa lazima.

Hata hivyo, fedha kutengwa ni jambo moja, kumfikia mlengwa ni jingine. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zilianika mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa. Aprili 2023 Serikali ikasimamisha mikopo hiyo hadi utaratibu mpya ulipowekwa mwaka 2024. Katika kipindi hicho, mama lishe mwenye kikundi halali alikosa mtaji kwa makosa ya wajanja.

Ghana nako kuna funzo kuhusu fedha zinazotengwa kisheria. Tangu 2003 ina sheria ya bima ya afya inayogharamiwa kwa sehemu kubwa na tozo ya asilimia 2.5 kwenye bidhaa na huduma. Mwaka 2017 ikatungwa sheria nyingine ya kuweka ukomo wa fedha zinazokwenda kwenye mifuko iliyotengewa fedha kisheria kama huo wa bima. Fedha iliyotengwa haikosi wa kuimezea mate, hata ikiwa na sheria yake.

Basi tufanye haya. Kwanza, dai risiti kila unapolipa ushuru. Pesa iliyoingia mfukoni mwa mtu haihesabiki, na asilimia 10 ya sifuri ni sifuri. Pili, kikundi chenu kikikopa, rejesheni. Rejesho lenu ndilo cherehani ya vijana wanaosubiri zamu. Tatu, kama una jirani mwenye ulemavu asiyejua pa kuanzia, mfikishe kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Ile asilimia 2 yake isirudi kama bakaa eti hakuna aliyeomba.

Na ukisikia kuna kikundi cha mtaani kwenu usichokijua kimekopeshwa, usiishie kunong'ona kijiweni. Subiri mkutano wa mtaa wa kusomewa mapato na matumizi, unyooshe mkono. Muulize mwenyekiti, na diwani akiwapo: halmashauri imekusanya kiasi gani, imetenga kiasi gani, na katika kata yetu nani amepata? Wakikosa majibu siku hiyo, ombeni maswali yaandikwe kwenye muhtasari, na mkutano ujao uanze na hayo.