Programu ni ya bure, fundi je?

Jamani wadau, tuambiane ukweli. Mtu anamlipa fundi wa mjini amwekee Windows ya wizi, wala hanung'uniki. Mimi nikimwekea Ubuntu, nikakesha natafuta draiva ya printa yake, ananiambia, "Si ya bure hiyo, mshikaji?" Programu ndiyo ya bure, usingizi wangu hapana! Red Hat ilijengwa kwa kuuza msaada wa programu huria, IBM wakainunua mwaka 2019 kwa dola bilioni 34. Hapa Mlimani ilitoka Jambo OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004, safi sana, lakini ikimgomea karani wa Manzese angemwita nani? Mafundi tumejaa hosteli (wengine hata nauli hatuna) na hakuna anayetujua. Tubandike majina na bei kantini. Printa, elfu tano.