Kifaranga Aharaye Damu

Mwezi huu hatuna budi kuanza na kosa letu wenyewe. Masika yaliyopita, hapa Rusumo, alitujia mama mmoja jirani yetu baada ya sala ya alasiri. Ni mjane. Kuku wake huwauza kwa abiria na madereva wa malori wanaoelekea darajani, na fedha hiyo ndiyo inunuayo madaftari ya wanawe. Wakati huo alikuwa na vifaranga 31, wenye umri wa majuma matano. Alitwambia wamejikunyata, mbawa zimelegea, wala hawali. Watu wa hapa wamezoea kutuuliza kila jambo, tangu talaka hadi mbuzi aliyevunjika mguu, nasi tumezoea kujibu. Basi tulijibu bila ya kwenda kutazama: anunue ile poda ya manjano, awatilie katika maji. Poda hiyo ni tetrasaiklini, ambayo wengi wetu huitumia kwa kila maradhi ya kuku.

Siku ya tatu alirudi na kifaranga aliyekufa, amemfunga katika jani la mgomba. Walibaki 12. Tulimpasua yule kifaranga. Karibu na mwisho wa utumbo wa kuku mna vifuko viwili virefu, mfano wa vidole. Vyote viwili vilikuwa vimejaa damu. Tulipokwenda bandani kwake, jambo ambalo yatupasa tungelifanya siku ya kwanza, tuliona kinyesi chekundu kila upande juu ya sakafu mbichi.

Wanavyuoni wa fiqhi walikwisha amua zamani kuwa ajifanyaye tabibu, hali haujui utabibu, hudhamini alichokiharibu. Hukumu hiyo tumewafundisha watoto madrasani miaka mingi, tukidhani yawahusu watu wengine. Tulimpa mama yule mitetea wanne wa kwetu, naye akawapokea kwa haya.

Maradhi yale ni kuhara damu, ambayo wataalamu huyaita koksidiosisi. Huwashika zaidi vifaranga wa majuma matatu hadi sita. Huletwa na kijidudu kidogo mno kiishicho katika utumbo, ambacho si bakteria. Ndiyo maana tetrasaiklini haikitibu. Mayai ya kijidudu hicho hutoka pamoja na kinyesi. Yanapotoka hayawezi bado kudhuru. Yahitaji ubichi, joto na hewa, na baada ya siku moja au mbili hukomaa. Kifaranga akidonoa chakula pale chini, humeza maelfu. Kuku wakubwa huweza kuyatoa mayai hayo bila ya kuonyesha ugonjwa wowote, na kwa hiyo si vyema vifaranga walale nao pamoja.

Msomaji akiifahamu habari ya siku hizo mbili, amefahamu nusu ya tiba. Dawa nyingi za kusafishia sakafu haziyaui mayai yale, lakini fagio la kila asubuhi huyatoa kabla hayajakomaa. Maranda au makapi yaliyolowa yatolewe yote, yatiwe makavu. Chombo cha maji kiinuliwe juu ya matofali ili vifaranga wasikikanyage, na chakula kisimwagwe chini. Katika miezi ya mvua hapa kwetu, ambapo wengi huwalaza kuku jikoni au katika kibanda kinachovuja, paa ni dawa kuliko chupa.

Ama dawa yenyewe, iliyo maarufu ni amproliamu. Hutiwa katika maji ya kunywa kwa kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti, kwa muda wa siku tano hadi saba, na maji hayo hubadilishwa kila siku. Wasipewe maji mengine, wala wasitibiwe wagonjwa peke yao; kundi zima linywe. Tena hapa pana jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Dawa hii hufanya kazi kwa kumnyima kijidudu vitamini B1. Basi ukiwapa vifaranga vitamini hiyo siku zile zile, umeifunga mikono dawa yako. Vitamini zingoje hadi dozi iishe. Ziko pia dawa za jamii ya salfa, nazo hutibu, ila kuku atagaye mayai ya kuliwa asipewe.

Twaonya, hata hivyo, kuwa si kila aharaye ana maradhi haya. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, huwashika wakubwa kwa wadogo kwa mara moja: kinyesi cha kijani, kuhema kwa shida, shingo kupinda, na banda zima kumalizika kwa siku chache. Kideri hakina dawa, iwe ya duka au ya mwarobaini. Kina chanjo tu. Chanjo ya I-2, ambayo hutengenezwa hapa Tanzania, huvumilia joto kuliko nyingine nyingi. Ni tone moja jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, nayo hupewa kuku wazima, si walioanza kuugua. Ndui nayo, yenye vinundu juu ya upanga na usoni, huenezwa na mbu, na chanjo yake ipo. Uso ukivimba na pua zikatoa uchafu wenye harufu mbaya, hayo ni mafua, na hapo ndipo ile poda ya manjano yaweza kufaa. Afisa mifugo wa kata aulizwe kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Mama yule alituuliza swali jingine ambalo twaona litawafaa wengi: je, aliyekaribia kufa achinjwe? Akichinjwa kisheria angali hai, ni halali. Aliyekwisha kufa ni mayita, halizwi mtu, azikwe au achomwe mbali na banda. Lakini aliyepewa dawa angojwe siku zilizoandikwa kwenye pakiti, japokuwa kisu kilikuwa tayari. Na atakaye kumwuza mgonjwa kwa msafiri wa lori, ambaye hatamwona tena, ajue kuwa kuficha aibu ya bidhaa ni ghushi, njiani kama sokoni.

Sasa mama huyo ana vifaranga 17. Alfajiri, kabla ya kuwatuma wanawe madrasa, hufagia banda. Akiona kinyesi asichokielewa hutuletea juu ya jani, nasi hutoka naye hadi bandani kabla hatujasema neno.