Waelea au Waanguka?

Mwezi Mei mwaka 2018, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilirushwa kutoka Kibo, maabara ya Wajapani katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Jina hilo kwa Kijapani ni 'tumaini'. Kwa Mswahili ni kilele cha Kilimanjaro. Sadfa tamu hiyo! Lakini mwanafunzi anayeisimuliwa huongezewa kwamba wanaanga huelea kwa kuwa huko hakuna nguvu ya uvutano. Si kweli. Katika kimo cha kilomita 400, nguvu hiyo ingalipo kwa takriban asilimia 90. Kituo na waliomo huanguka pamoja pasipo kutua, maana kasi yao ya kilomita 28,000 kwa saa huwafanya waikose ardhi daima. Chupa ya maji iliyotobolewa chini, ikiachiliwa kutoka ghorofani, huacha kuvuja ingali hewani. Mwalimu hahitaji maabara. Upotovu umo katika istilahi ya Kiingereza, na wafasiri wetu huibeba nzimanzima: 'uvutano sufuri'. Kwa nini isiwe 'hali ya mwanguko'? Mtoto akilisikia neno hilo, atauliza mwanaanga anaangukia wapi.