TULIOMBA DARAJA, TUKAPEWA. NA SASA?



Tangu tarehe 19 Juni 2025, siku Rais Samia Suluhu Hassan alipolifungua daraja, hapa Busisi pana maneno ya namna mbili. Kanisani tunashukuru. Tukishatoka kanisani, tukateremka kule ilikokuwa inatia nanga feri, tunanung'unika. Mtu yule yule, Jumapili ile ile, kinywa kile kile. Sisi tunaoandika ubao huu tumeona tulisemee jambo hilo, kwa sababu linagusa imani na linagusa daftari la ushirika, na vitu hivyo viwili haviko mbali kama wengine wanavyodhani.

Daraja tuliliomba, hakuna asiyejua. Kuvuka kwa feri mpaka Kigongo ilikuwa kama nusu saa, lakini hiyo ni ukishapanda. Kungoja kupanda ndiko kulikokuwa na kazi, na usiku ndiyo usiseme. Mama mwenye uchungu wa kujifungua anayepelekwa Bugando alikuwa anapanga foleni pamoja na malori. Wazee waliomba, jumuiya ziliomba, ndugu zetu Waislamu nao walisoma dua. Ujenzi ukaanza mwaka 2020. Leo kilometa tatu za maji unazimaliza kwa dakika chache, na usipochungulia dirishani hutajua kama umepita juu ya ziwa.

Hiyo ni sala iliyojibiwa, tena mbele ya macho yetu. Ila foleni ile iliyomtesa mgonjwa ndiyo iliyokuwa inamlisha mama lishe. Ndiyo iliyonunua samaki wa kukaanga, mahindi ya kuchoma, karanga, mayai, maji ya kunywa. Ndiyo iliyowavalisha watoto sare za shule. Gari lililokuwa linasimama saa nzima sasa halisimami hata dakika moja. Linapita vuu! na abiria wake wote na njaa yao.

Basi kuna swali tunalisikia likiulizwa kwa sauti ya chini, kama vile ni dhambi kuliuliza: hivi Mungu aliyejibu sala ya jirani yangu ndiye huyo huyo aliyenifungia genge? Sisi hatuoni dhambi hapo. Ayubu aliuliza makali kuliko hayo. Dhambi, kama ipo, iko kwa yule anayemjibu mwenzake haraka haraka, "Ni mipango ya Mungu, dada," halafu anakwenda zake nyumbani kula. Maneno hayo ni mepesi sana kinywani mwa mwenye shamba la mpunga.

Hatuna jibu la kumziba mtu mdomo. Tunacho kisa kimoja ambacho watu wa ziwani wanakielewa kuliko watu wa mjini, nacho kiko katika Injili ya Luka, sura ya 5. Simoni na wenzake wamekesha majini usiku kucha, hawakupata kitu. Wahubiri wengi hukimbilia ule mwisho, nyavu zilipojaa mpaka zikataka kukatika. Sisi tunaomba msimame kidogo pale mwanzoni. Yesu alipowakuta asubuhi walikuwa wanafanya nini? Walikuwa wanaosha nyavu. Nyavu ambazo hazikuleta hata furu mmoja! Angalikuwa mtu wa kukata tamaa angalizitupa pale mchangani akaenda kulala. Lakini waliosha, maana usiku mwingine unakuja, na wavu mchafu huoza. Muujiza uliwakuta nyavu ziko safi.

Wavuvi wetu wa dagaa wanafanya hivyo kila mwezi. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haina nguvu, dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inapumzika. Mvuvi wa kweli siku hizo hazihesabu kuwa za laana. Anashona wavu, anaziba mtumbwi, anatengeneza taa. Giza likirudi anakutwa yuko tayari. Yule aliyekunywa pombe mbalamwezi yote ndiye utakayemsikia akisema ziwa limemkataa.

Kumtumaini Mungu tunakuelewa hivyo. Wala si jambo geni katika pwani hii ya ziwa. Ng'ambo ya pili, upande wa Kigongo, iko Bukumbi, ambako Mapadri Weupe walianza misheni mwaka 1883 baada ya kuondoka Buganda. Na Alexander Mackay, fundi Mskoti wa misheni ya Kianglikana, alifukuzwa Buganda na Kabaka Mwanga mwaka 1887, akaja kukaa Usambiro, huku kusini mwa ziwa. Kazi yake ya miaka karibu tisa ilibaki kule, na yeye hakuruhusiwa kurudi. Alifanyaje? Aliendelea kutafsiri Injili kwa Kiganda, akachapa vitabu, akashika nyundo na chuma kutengeneza mashua. Homa ilimuua huko huko Usambiro Februari 1890, hakuiona tena Buganda. Lakini vitabu vilifika. Hatumsimulii ili tumfanye malaika, tunataka tu ieleweke kwamba wapo watu walioshika imani hapa hapa kwetu huku mikono yao ina grisi.

Sasa tuje kwenye daftari, maana ndiko tulikokuwa tunaelekea tangu mwanzo.

Siku hizi mweka hazina akimwendea mtu kuuliza marejesho ya mkopo anajibiwa, "Mungu atajalia." Mwezi wa kwanza, Mungu atajalia. Mwezi wa pili, Mungu atajalia. Mwezi wa tatu mtu amefunga mlango na mtoto anatumwa kusema baba hayupo. Jamani! Jina la Mungu si kufuli la mlango. Fedha iliyomo katika mfuko ule si ya mweka hazina, ni ya mjane aliyeuza michembe akaweka hisa. Ukimwambia yeye Mungu atajalia, umemfanya Mungu mdaiwa badala yako.

Lakini tutofautishe. Wako wasioweza kabisa, waliokopa feri ikiwa inafanya kazi, wakanunua sufuria, mabenchi na unga, na wateja wakaondoka kwa siku moja. Hao wanapaswa kuja mbele ya kamati na kusema wazi: naweza kiasi hiki, kwa miezi kadhaa. Na kamati isiwatazame kama wezi. Waongezewe muda, riba isimame. Wako na wengine wanaoweza ila wamejificha nyuma ya wale wasioweza. Tunawajua, nao wanajua kwamba tunawajua.

Kundi la tatu linatuumiza zaidi. Ni wale waliotoa akiba yao ya mwisho wakampelekea mhubiri wa kupita, eti ni sadaka ya mbegu, watavuna mara mia. Wengine wamenunua chupa ya mafuta ya upako kwa bei ya debe la mahindi. Hatusemi upako haupo, hiyo si kazi ya ubao wa ushirika. Tunasema tu kwamba tumemtazama mhubiri akivuka darajani na mfuko, na mwenye mbegu bado yuko hapa anakopa chumvi. Mitume waliombea wagonjwa bila kuwauzia chupa. Anayetaka kutoa sadaka, makanisa yako hapa, na wachungaji na makatekista tunaishi nao, tunawaona wanavyokula na wanavyovaa.

Tena tusisahau sisi ambao daraja limetupendelea. Mwenye mpunga, mwenye dagaa, mwenye ng'ombe, sasa analala kwake, anaamka alfajiri, anauza Mwanza na kurudi kula chakula cha mchana nyumbani. Faida hiyo imetoka katika barabara ile ile iliyomwondolea mwenzake wateja. Je, tutamtolea Mungu shukrani ya noti moja kikapuni halafu basi? Huyo mama lishe anajua kupika, anajua kukaanga samaki wasikauke, anajua kuhesabu chenji gizani. Mchukulieni dagaa zenu azikaange na kuzifunga, ziende mjini zikiwa na thamani zaidi. Mpeni nafasi kwenye gari lenu, naye akauze matobolwa sokoni. Mjini watu wanayapenda, ila hawana muda wa kuyatengeneza.

Nanyi mama lishe wetu, tunawaambia kwa heshima: msikae kwenye mabenchi matupu mkitazama maji. Kivuko hakirudi. Kumlilia Mungu akirudishe ni kumwomba amrudishe mgonjwa kwenye foleni, na hatuamini kuna mama kati yenu anayelitaka hilo.

Neno moja la mzani. Wazee wetu wa pamba huku Usukuma, miaka ya mwanzo ya 1950, walikuwa wanapunjwa na wanunuzi kwenye mizani. Wakachanga, wakaajiri wapimaji wao wenyewe. Kutoka hapo, pamoja na Paul Bomani na wenzake, vikakua vyama vya ushirika, mpaka mwaka 1955 likawapo Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, kubwa kuliko walivyoota. Kitabu cha Mithali, sura ya 11, kinaanza na mizani ya udanganyifu, kwamba Bwana anaichukia. Kwa hiyo anayeuliza kama imani yake inakua, asiishie kupima sauti yake anavyoimba kwaya. Aende akasimame kwenye mzani wa dagaa atazame kidole chake kiko wapi. Tumesikia minong'ono kuhusu mzani wetu huo tangu Agosti, na kamati itaupima upya mbele ya watu wote, kwa jiwe linalojulikana uzito wake.

Mkutano ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, ili waliokesha ziwani wapate kunawa na kupumzika kidogo. Anayedaiwa aje na daftari lake. Anayedai naye aje. Mwenye gari linalokwenda Mwanza na lina nafasi aje nalo, limwonekane na watu.