Nyama ya Kuku na Nyama ya Ng'ombe: Ni Ipi Iliyo Bora?

Ndugu msomaji, watu wanaokuja kutafuta dawa huuliza mara nyingi neno hili: "Nyama gani ina nguvu zaidi, ya kuku ao ya ng'ombe?" Mmoja asema kuku ni nyama ya heshima, nyepesi tumboni, inayofaa wagonjwa. Mwingine asema ng'ombe ni mnyama mkubwa, basi nguvu yake ni kubwa pia. Swali ni jema, na jibu liko. Lakini katika ukurasa huu nataka kukuonyesha kwamba kuna swali lingine lililo kubwa kupita hilo: nyama ile inaingia katika sahani ya nani?

Kazi ya nyama katika mwili

Mwili ni kama nyumba. Nyumba yahitaji matofali, yahitaji moto jikoni, yahitaji na mlango wa kufunga. Muhogo, mahindi, mchele, ndizi na mafuta ya mawese ni kuni za moto: yanatupa nguvu ya kulima na kutembea. Mboga na matunda ni mlango: yanalinda mwili. Nyama, samaki, mayai, maziwa, maharagi, soja na karanga ni matofali: yanajenga mwili na kutengeneza palipobomoka. Matofali haya waganga wanayaita protini.

Watu wengi wa kwetu wana kuni nyingi na matofali machache. Gramu 100 za unga wa muhogo zina protini isiyopita gramu 2. Mtu akila bugali wa muhogo asubuhi na jioni, atashiba kweli, lakini hatajenga. Tumbo limejaa na mwili una njaa.

Tuweke nyama mbili katika mizani

Tuchukue gramu 100 za nyama iliyoiva, pasipo mifupa, pasipo ngozi wala mafuta yanayoonekana. Kifua cha kuku kina protini gramu 30 hivi. Nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta ina gramu 27 hivi. Tofauti ni ndogo, na haifai watu washindane kwa ajili yake. Kwa kazi ya matofali, nyama hizi mbili ni ndugu.

Sasa tuangalie mafuta. Kifua cha kuku kina gramu 4 hivi. Ng'ombe ana gramu 10, tena kipande kinene kinaweza kupita 15. Hapa kuku ameshinda, ikiwa umeondoa ngozi yake, kwa kuwa mafuta mengi ya kuku yanakaa katika ngozi na chini yake.

Sasa tuangalie chuma. Usistaajabu: ndani ya damu yetu mna madini ya chuma, nayo ndiyo yanayofanya damu iwe nyekundu na kubeba hewa mpaka kila kiungo. Katika gramu 100 za nyama ya ng'ombe mna miligramu 2 na nusu za chuma ao zaidi. Katika kifua cha kuku mna miligramu 1 tu. Paja la kuku lina chuma kupita kifua, lakini halimfikii ng'ombe. Madini mengine yanayoitwa zinki, ambayo mtoto anayahitaji ili akue na vidonda vyake vipone upesi, ni miligramu 5 hivi katika ng'ombe na 1 katika kifua cha kuku. Na vitamini B12, inayosaidia damu na mishipa ya fahamu, ni nyingi katika ng'ombe kupita kifua cha kuku mara tano na zaidi.

Basi jibu ni hili. Kwa kujenga mwili, kuku na ng'ombe ni sawa. Kwa damu, ng'ombe anashinda. Kwa mtu mzima aliyenenepa sana, ao aliye na ugonjwa wa moyo, kuku pasipo ngozi anafaa zaidi. Watu wa mji wanaokula nyama nyekundu kila siku wasikie neno hili pia: mwaka 2015 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walisema kwamba nyama nyekundu yaelekea kuongeza kansa ya matumbo, na nyama za viwanda kama soseji na nyama za kopo zinaongeza kwa hakika. Lakini mama wa kijiji anayeonja nyama mara mbili kwa mwezi asiogope neno hilo. Hatari yake yeye ni kukosa, si kuzidisha.

Ng'ombe hayuko mahali pote

Nikisema ng'ombe anashinda kwa damu, sisemi kila mtu auze shamba apate kununua ng'ombe. Katika inchi yetu ya Kongo ng'ombe anapenda majani ya milima, kama kule Kivu na Ituri. Katika mwitu mkubwa mbung'o wanamwua kwa ugonjwa wa nagana. Tena vita vilivyoanza mwaka 1996 viliondoa ng'ombe wengi sana katika Kivu, na jamaa nyingi zilizokuwa na zizi zilibaki na kamba mkononi.

Kuku ndiye mnyama wa nyumba ndogo. Anajitafutia chakula, haombi majani ya mlima, na mtu anaweza kumchinja akamla na jamaa yake siku moja pasipo nyama kuoza. Tena anatupa mayai. Yai moja lina protini gramu 6 hivi. Mtoto wa mwaka mmoja ahitaji gramu 11 ao 13 tu kwa siku. Fikiri basi: yai moja lampa karibu nusu ya matofali ya siku nzima! Kwa hiyo mtu asiye na ng'ombe asiseme, "Mimi ni maskini, sina la kufanya." Kuku wake akitaga chini ya ghala, kuna hazina pale.

Mahali palipo na ziwa, samaki wadogo wanafaa sana: ndakala ao sambaza waliokaushwa, wakiliwa wazima pamoja na mifupa yao. Na kila mahali kuna maharagi. Gramu 100 za maharagi yaliyopikwa zina protini 8 ao 9. Yana chuma pia, lakini chuma cha mboga na maharagi hakiingii mwilini kwa wepesi kama chuma cha nyama. Kula pamoja nayo limau, chungwa ao embe, nacho kitaingia vizuri zaidi. Chai usiinywe wakati wa chakula, kwa maana inazuia chuma.

Sahani ya nani?

Sasa nafika kwa neno lenyewe. Angalia namna tunavyogawa nyama. Chungu kinateremshwa. Baba anapewa paja na firigisi, na mgeni kifua. Vijana wakubwa wanapewa mabawa. Mama anapata shingo, na mtoto mdogo anapewa bugali uliochovywa katika mchuzi. Watu wanasema, "Nguvu yote ya nyama imeingia katika mchuzi."

Ndugu zangu, hii si kweli. Mchuzi una chumvi, harufu nzuri na mafuta kidogo, lakini protini na chuma karibu vyote vinabaki katika nyama yenyewe. Mtoto aliyekunywa mchuzi amesikia habari ya kuku, kuku hakumla.

Sasa uangalie hesabu hii, ambayo wataalamu wa Marekani waliiandika kwa ajili ya watu wenye afya. Mwanaume mzima ahitaji chuma miligramu 8 kwa siku. Mtoto wa miezi 7 hadi 12 ahitaji miligramu 11. Mama mwenye mimba ahitaji 27. Umeona? Yule tunayempa paja ndiye mwenye haja ndogo kupita wote. Yule tunayempa mchuzi ana haja kubwa kupita baba yake. Na mama mwenye mimba, anayetengeneza damu ya watu wawili, anapewa shingo. Tumegeuza mizani juu chini.

Tena kuna miiko. Katika makabila mengi ya Afrika ya Kati wanawake walikatazwa kuku na mayai. Walisema mama akila yai hatazaa, ao mtoto akila mayai atakuwa mwizi. Wazee walikuwa na hekima nyingi ambayo twaishika, lakini mwiko huu haukuleta uzima. Mama akikosa damu, siku ya kuzaa akitokwa na damu kidogo tu anaweza kufa, na mtoto wake anaweza kuzaliwa mdogo na dhaifu. Nasema waziwazi: mwiko unaomnyima mama mwenye mimba chakula cha damu ufe, kuliko mama afe.

Na ninyi mnaopokea wageni, hata wageni wa kanisa, heshima ni jambo jema. Lakini mgeni mwenye akili hatafurahi akijua kwamba mtoto wa nyumba ile ana nywele nyekundu na miguu iliyovimba. Mpe mgeni sehemu yake, na mbele yake mpe mtoto sehemu yake pia. Hakuna haya.

Habari ya bwaki

Watu wa Kivu wanaujua ugonjwa wa bwaki. Mwaka 1935 muganga mwanamke aitwaye Cicely Williams, aliyefanya kazi katika Ghana ya leo, aliandika juu ya ugonjwa huu kwa jina la kule, kwashiorkor, maana yake ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa ajili ya ndugu yake anayekuja. Mtoto anavimba miguu na uso, nywele zinageuka rangi, ngozi inabambuka, naye hachezi wala hacheki. Wataalamu wa leo wanasema sababu zake ni nyingi kupita kukosa nyama tu, lakini chakula kibaya cha namna moja ndicho mlango wake.

Mzazi akiona ishara hizi asijaribu kumponya nyumbani kwa nyama nyingi. Mwili wa mtoto yule umechoka, hauwezi kubeba mzigo mzito mara moja. Mlete hospitali upesi, apate maziwa maalum ya kuanzia, kidogo kidogo. Yai na nyama ni vya kuzuia ugonjwa kabla haujaja, na vya kumtia nguvu mtoto aliyekwisha kupona.

Maneno ya kushika

Mtoto mchanga anyonye ziwa la mama tu mpaka miezi 6. Toka hapo aendelee kunyonya, lakini aongezewe chakula. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2023, linasema kwamba toka miezi 6 hadi 23 mtoto ale nyama, samaki ao yai kila siku. Hana meno? Twanga nyama iliyoiva katika kinu, changanya na uji wake. Kijiko kimoja ao viwili vinatosha kuanza.

Ukichinja kuku, ini usimpe mkubwa. Ini la kuku na la ng'ombe lina chuma kupita mnofu, na vitamini A ya macho. Mpe mtoto kipande kidogo. Mama mwenye mimba ale mara moja moja tu, maana vitamini A ikizidi sana inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mama huyu asisahau vidonge vya chuma anavyopewa siku ya kupimwa, kwa sababu nyama peke yake haiwezi kufikisha 27.

Pika nyama mpaka ndani isiwe nyekundu. Ng'ombe asiyeiva huleta tegu, na kuku asiyeiva huleta kuhara. Mnyama aliyekufa mwenyewe usimle, hata kama moyo wako unalilia nyama ile.

Na ukiuza mayai kumi sokoni, uza manane. Mawili yabaki kwa mtoto. Watu wengine wanauza mayai yote ili wanunue soda na biskuti kwa mtoto yule yule; huko ni kuuza matofali na kununua moshi.

Basi, ndugu, usiendelee kugombana na jirani yako juu ya kuku na ng'ombe. Nyama iliyo bora ni ile iliyoingia katika kinywa cha mtoto na cha mama yake. Jioni hii, chungu kitakapoteremshwa, baba wa nyumba ashike kijiko mwenyewe, aanze kugawa kwa aliye mdogo.