Jicho Liongozalo



Wasomaji wapenzi, juma hili nawaomba mnivumilie niwatoe kwenye joto la Pwani niwapeleke barafuni. Binti wa dada yangu, aliyehamia Toronto na wazazi wake akiwa na miaka minne, sasa ana miaka tisa na anacheza hoki ya barafuni, mchezo ambao Wakanada huushabikia kama sisi tunavyoushabikia mpira wa miguu. Nilipopata habari nilistaajabu, na bibi yake alistaajabu kunishinda. Lakini mtoto huvaa suruali nene, vikinga mabega na magoti, helmeti yenye wavu wa chuma usoni, na hijabu fupi chini ya helmeti. Ukimtazama hujui kama ni msichana au mvulana. Wala si yeye wa kwanza. Fatima Al Ali wa Abu Dhabi, achezaye na hijabu yake, alialikwa Washington mwaka 2017 akapewa heshima ya kudondosha kisahani kabla ya mechi ya ligi kuu ya huko.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kichwa cha mtoto huyu. Dada yangu alinitumia video akilalamika kwamba binti yake ana mbio na ana nguvu, lakini kila akipiga kisahani hupita nje ya lango. Kocha wake, mama wa makamo, alimwita kando, akamwambia anyooshe mikono mbele, aunganishe viganja abakishe tundu dogo katikati, kisha aitazame saa ya ukutani kupitia tundu lile, macho yote mawili yakiwa wazi. Halafu afumbe jicho moja, kisha lingine. Alipofumba la kulia, saa ilibaki pale pale. Alipofumba la kushoto, saa ikatoweka.

Jaribuni nyumbani; halina gharama. Jicho ambalo likifumbwa kitu hutoweka tunduni ndilo jicho liongozalo. Mwenyezi Mungu ametupa macho mawili, lakini ubongo unapotaka kulenga shabaha hulitegemea moja zaidi ya mwenziwe, kama tunavyoutegemea mkono mmoja kuandikia. Takriban watu wawili katika kila watatu huongozwa na jicho la kulia. Na jicho halifuati mkono: yupo mwenye kuandika kwa kulia na kulenga kwa kushoto, wala si ila.

Sasa fikirini namna fimbo ya hoki inavyoshikwa. Mchezaji wa upande wa kushoto, kama binti yetu, huweka mkono wa kulia juu ya fimbo na wa kushoto chini, na anapopiga husimama ubavu, bega la kulia likielekea lango. Jicho la kulia ndilo lililo mbele. La kushoto liko nyuma, na pua imesimama katikati kama ukuta. Aongozwaye na jicho la kulia hageuzi shingo sana. Aongozwaye na la kushoto lazima augeuze uso wote kuelekea lango, ama sivyo jicho lake kuu linatazama pua yake mwenyewe! Binti yetu hakuigeuza shingo, aligeuza mabega. Mabega yakigeuka mapema, fimbo hufuata, na kisahani huenda kusikotakiwa. Lango lenyewe ni dogo, upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22, na hapo katikati amesimama mlinda lango aliyevaa kama godoro.

Wapo wanaosema mtoto wa namna hii abadilishwe mkono. Mimi sioni haja. Wataalamu wenyewe hawajaafikiana kwamba jicho na mkono wa pande mbalimbali humdhuru mchezaji, na wengi walio hivyo wamefika mbali. Kugeuza uso ni mazoezi ya siku chache. Kumbadilisha mtoto mkono ni kumrudisha mwanzo. Kocha yule naye hakumbadilisha. Alimwambia tu kidevu kiguse bega kabla ya kupiga.

Jambo la pili alilolisisitiza kocha ni zito kuliko mabao, nalo ni kuinua kichwa. Anayejifunza kuteleza hutazama chini, kwenye kisahani, kama mtoto anayejifunza kubeba ndoo ya maji. Barafuni desturi hiyo ni hatari. Tarehe 20 Oktoba 1995 kijana Travis Roy, mwenye miaka 20, aliingia uwanjani kuichezea timu ya Chuo Kikuu cha Boston mara yake ya kwanza. Zilipita sekunde 11. Alikwenda kumkabili mpinzani, akapoteza mizani, kichwa kikatangulia kwenye ubao unaozunguka uwanja. Pingili za shingo zikavunjika, akapooza kuanzia shingoni kushuka chini. Aliishi miaka 25 mingine kitini, akichangisha fedha za kuwasaidia waliopata ajali kama yake, hadi alipofariki mwaka 2020.

Maelezo ya madaktari ni mepesi kuyafahamu. Shingo ya binadamu ina mpindo wa asili kwa nyuma, na mpindo huo pamoja na misuli hufyonza kishindo. Mtu akiinamisha kichwa, mpindo hunyooka na pingili husimama moja juu ya nyingine kama vikombe vilivyopangwa. Kishindo kikija utosini hakina pa kupungulia. Mifupa hukipokea chote. Ndiyo maana watoto wa Kanada na Marekani hufundishwa kwamba ukiona unakwenda kuugonga ubao, inua kichwa, tanguliza mkono au bega, kamwe usiinamie. Kwa wasichana kugongana kwa makusudi kumekatazwa huko Kanada, lakini kuanguka hakukatazwi na mtu.

Nilimuuliza dada yangu kuhusu ule wavu wa usoni, kama si mzito. Akanikumbusha Bryan Berard, mlinzi wa timu ya Toronto, ambaye mwezi wa Machi 2000 alipigwa jicho la kulia na ncha ya fimbo ya mpinzani bila ya kukusudia. Alipasuliwa mara kadhaa. Alirudi uwanjani mwaka uliofuata akisaidiwa na lenzi maalumu ili afikie kiwango cha chini cha kuona kinachokubaliwa na ligi, na upande ule ilimbidi kichwa kifanye kazi iliyokuwa ya jicho. Ligi yenyewe ilichelewa. Haikuwalazimisha wachezaji wapya kuvaa kioo cha kukinga macho hadi msimu wa 2013. Watoto wao walikuwa na akili zaidi, au tuseme mama zao.

Nilidhani habari imekwisha hapo. Lakini kocha alikuwa ameona jambo lingine: hata asipopiga, hata akiwa amesimama akimsikiliza, mtoto huegemeza kichwa upande. Akamshauri dada yangu ampeleke kwa daktari wa macho. Jicho kuongoza si sawa na jicho kuona vizuri. Lakini mara nyingine jicho huongoza kwa sababu mwenziwe amedhoofika. Ndivyo ilivyokuwa. Jicho la kulia la binti yetu lilikuwa linahitaji miwani tangu zamani, na halikupata kulalamika kwa kuwa la kushoto lilibeba kazi yote. Ubongo ukizoea kulipuuza jicho, jicho hilo huzembea, na kila mwaka unaopita kulirudisha huwa kugumu zaidi. Tiba ni miwani, na pengine kulifunika lile zima kwa saa kadhaa kila siku ili lililolala lilazimike kufanya kazi. Hufaa zaidi kabla ya miaka saba. Kwa miaka tisa madaktari bado wana matumaini, lakini safari ni ndefu.

Dada yangu alilia kwenye simu. Alikumbuka kwamba Mombasa, mtoto alipoanza chuoni, alikuwa akiinamia juzuu yake kwa ubavu, na ustadhi akikinyoosha kichwa chake kwa kiganja, kwa upole, kila asubuhi. Sote tulicheka. Tulisema ni madaha.

Basi mama mwenye mtoto anayegeuza uso kila atazamapo televisheni, au anayefunga jicho moja juani, au anayekaribia mno msahafu, asimkemee kwanza. Amfunike jicho moja kwa kiganja, kisha la pili, na amuangalie: akitulia jicho moja likifunikwa na akapapatika na kuutoa mkono likifunikwa lingine, huyo apelekwe kliniki ya macho juma hili hili, asingoje shule zifungwe.

Binti yetu angali anacheza. Sasa kidevu hugusa bega, na Jumamosi iliyopita alipachika mabao mawili. Miwani yake ya michezo ina mkanda unaozunguka nyuma ya kichwa, na dada yangu amelazimika kuifumua hijabu ile na kuishona upya ili mkanda upite bila ya kuivuta.