Baraza la Wazazi: Mtoto Juu ya Farasi, Mzazi Kando ya Ua

Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi habari ya hofu ya mzazi, jinsi inavyomtoka yeye na kumfikia mtoto wake. Jambo hili tulifundishwa kando ya uwanja wa mashindano ya farasi, na aliyetufundisha ni binti yetu mwenyewe, mwenye miaka 10.

Yamkini wengi wenu hamjapata kumshika farasi. Si ajabu, kwa maana katika nchi zetu farasi ni wachache tangu kale. Mbung'o humwambukiza ugonjwa wa nagana. Na usubi, wale wadudu wadogo mno waumao, humletea ugonjwa mwingine uwezao kumwua kwa siku chache. Punda huustahimili huo wa pili kuliko farasi, na watoto wetu wengi wamemzoea punda. Lakini huko Nairobi na kandokando yake farasi hufugwa, na watoto hufundishwa kuwapanda na kushindana. Asili ya mashindano hayo ni Ulaya. Mjini Dublin, katika nchi ya Ireland, maonyesho ya farasi yalianza katika miaka ya 1860. Na mwaka 1900 mchezo wa kuruka viunzi uliingia katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Paris.

Sheria yake ni nyepesi kueleza. Boriti hulazwa juu ya nguzo fupi, na kila mpandaji huviruka viunzi hivyo kwa kufuata taratibu iliyowekwa. Boriti ikiangushwa, huandikiwa makosa 4. Farasi akikataa kuruka, makosa 4 tena. Mpandaji akianguka chini, hutolewa. Mwenye makosa machache ndiye mshindi.

Basi binti yetu alijifunza mwaka mzima, akawa tayari kwa mashindano yake ya kwanza. Nasi twakiri kosa letu. Siku za mazoezi tulikuwa tukisimama karibu na uwanja, na kila alipokikaribia kiunzi tulipaza sauti: "Shika sana! Angalia!" Farasi akageuza masikio, akapunguza mwendo, akakataa. Tukazidi kupiga kelele, naye akazidi kukataa.

Hata siku moja saisi, mzee mpole aliyetunza farasi tangu ujana wake, akatujia akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, uniwie radhi. Wewe ukiogopa, mtoto hukaza mikono. Mikono ikikaza, lijamu humuumiza farasi kinywani. Naye farasi hajui unaogopa nini. Ajua tu ya kuwa iko hatari."

Tulichukizwa kidogo, kwa maana hakuna mzazi apendaye kuonywa habari ya mtoto wake. Lakini baadaye tulisoma habari ya uchunguzi uliofanywa Sweden na kuchapwa mwaka 2009. Watu waliongoza au kupanda farasi, wakapita njia moja mara kadha wa kadha. Kisha wakaambiwa kwamba safari hii mwavuli utafunguliwa ghafula mbele ya farasi. Mwavuli haukufunguliwa kamwe. Walakini moyo wa mtu ulipiga mbio kwa kuungojea, na moyo wa farasi ukapiga mbio vilevile, ingawa yeye hakuambiwa neno. Tukaona ya kuwa yule saisi alisema kweli tupu.

Siku ya mashindano tuliamka kabla ya alfajiri. Mtoto akamsugua farasi wake, farasi mdogo ambaye mabega yake hayazidi sentimita 120, akamsuka nywele za shingo, akapaka tandiko na hatamu mafuta hata ngozi ikang'aa. Sisi na mama yake tulisimama kando ya ua, mbali kidogo, tukaahidiana kunyamaza.

Kengele ikalia. Kiunzi cha kwanza akavuka, na cha pili akavuka. Cha tatu kilikuwa kimepakwa rangi nyekundu na nyeupe. Farasi alipokiona akakita miguu chini, na mtoto akateleza mbele hata akashika shingo, kofia yake ikaenda upande. Mama yake akatukamata mkono. Neno lilikuwa limekwisha fika ulimini, tukalimeza. Tuliuma meno hata yakatuuma.

Mtoto akajivuta nyuma, akakaa sawa katika tandiko. Hakumpiga farasi. Akampapasa shingoni, akamwambia neno, akamzungusha polepole, akarudi. Naye farasi akaruka. Mbele kidogo akaangusha boriti moja. Basi alimaliza na makosa 8. Katika watoto 12 alikuwa wa 9, wala hakupewa utepe.

Alipotoka uwanjani alishuka, akalegeza mkanda wa tandiko, akamtafutia farasi maji kabla hajasema nasi. Tukamwuliza, "Mwanangu, ulimwambia nini pale?"

Akajibu, "Nilimwambia tutazunguka, tuje tena."

"Nawe hukuogopa?"

"Niliogopa, baba. Lakini sikutazama upande wenu."

"Kwa nini?"

Akainama, akasema, "Kwa sababu nikikuona wewe, baba, naogopa zaidi."

Wasomaji, neno lile lilituchoma. Mwaka mzima tulidhani ya kuwa sisi ni ngao yake, kumbe alikuwa na viunzi viwili vya kuruka: kile cha mbao, na uso wa baba yake. Si desturi ya wengi wetu mzazi kumwomba mtoto radhi. Siku ile tulimwomba, palepale penye ndoo ya maji, na saisi akisikia.

Huenda ninyi hamna farasi. Lakini mtoto wenu ataingia katika chumba cha mtihani, au atasimama mbele ya watu kusoma, au atakimbia katika uwanja wa shule. Yafaa hofu yenu mwambiane wenyewe kwa wenyewe, mume na mke, usiku watoto wakiwa wamelala, isije ikawa mzigo wa mtoto asubuhi. Na akirudi, msianze kwa kumwuliza, "Umekuwa wa ngapi?" Mwulizeni alifanya nini mambo yalipomwendea vibaya, kwa maana hapo ndipo mtajua amejifunza nini. Nanyi walimu, mtoto akikosa mbele ya wenzake, mpeni nafasi ya kuzunguka na kuja tena. Wazee walisema, kutangulia si kufika.

Jioni tulipokuwa tukirudi nyumbani, binti yetu aliyedhaniwa amelala alifumbua macho, akasema, "Baba, safari ijayo usimame palepale kwenye kiunzi cha tatu, nikuone. Lakini utabasamu."

Tumekubali. Tangu siku ile twajizoeza mbele ya kioo, na mama yake atucheka.